Ziwa Usilolijua: Ya Kufanya na ya Kutofanya Safarini kwa Besi na Maski

Barafu ikishayeyuka Minnesota na Wisconsin, barabara za kwenda kaskazini hujaa magari yanayovuta boti, na siku hizi baadhi ya magari hayo yamejaa mazungumzo ya Kiswahili. Watu wetu wa Minneapolis, St. Paul na Brooklyn Park wameupenda uvuvi wa huku, na samaki wawili ndio wanaowakosesha usingizi. Wa kwanza ni besi, ambaye aliyekulia Naivasha anamjua tayari, kwani alipandikizwa katika ziwa lile mwaka 1929 akitokea Marekani. Wa pili ni maski, mwindaji mrefu wa jamii ya paiki, mwenye meno yanayokata mshipi kama uzi na tabia ya kufuata chambo hadi ubavuni mwa boti kisha kugeuka na kwenda zake.

Hamu hiyo ni njema. Lakini wengi wanachagua tarehe, wanalipia kibanda, wanapakia na kuondoka, na wanafika kwenye ziwa wasilolijua bila kuliuliza chochote. Naandika kwa ukali kwa sababu maji ya Mei kule kaskazini yanaua, na kwa sababu samaki tunaowafuata wakati huo ndio wanaozaa.

KABLA YA KULIPIA CHOCHOTE

Soma sheria kwanza, ndipo uchague tarehe. Besi na maski hawafunguliwi siku moja, wala majimbo hayafanani. Minnesota, msimu wa maski huanza Jumamosi ya kwanza ya Juni. Katika sehemu kubwa ya jimbo hilo, besi wa kuchukua nyumbani huruhusiwa kuanzia Jumamosi ya wikendi ya Memorial Day. Kabla ya hapo unamvua na kumrudisha majini. Kaskazini mwa Wisconsin, maski hufunguliwa wikendi hiyo hiyo ya Memorial Day mwishoni mwa Mei. Maana yake ni nyepesi: anayetaka samaki wote wawili katika safari moja aende Wisconsin mwisho wa Mei, au asubiri wiki ya kwanza ya Juni kwa Minnesota. Aliyelipia kibanda cha Minnesota katikati ya Mei amelipia safari ya besi peke yake. Na soma kitabu cha kanuni cha mwaka huu, kwa kuwa kanuni hubadilishwa.

Usijidanganye kwamba "nitamvua kisha nimwachie" inakuhalalishia msimu uliofungwa. Kumwinda maski kabla ya siku yake ni kosa hata ukimrudisha akiwa mzima. Akinasa kwa bahati ulipokuwa ukivua besi, mwachie papo hapo, bila picha.

Kata leseni ya kila jimbo utakalovua. Aliyekaa Minnesota kihalali kwa siku 60 mfululizo huhesabiwa mkazi na hulipa bei ya mkazi. Akivuka mpaka kuingia Wisconsin ni mgeni, na kila mwenye miaka 16 au zaidi anahitaji leseni ya mgeni. Hesabu ya mishipi nayo hubadilika mpakani. Minnesota, maji yakiwa hayana barafu, ni mshipi mmoja kwa mtu. Wisconsin ni hadi mitatu. Mazoea ya upande mmoja yatakutia faini upande wa pili.

Usipange kwa kalenda peke yake. Kwenye ziwa Minnetonka, karibu na Minneapolis, barafu ya mwaka 2018 iliondoka mwanzoni mwa Mei. Ile ya 2024 iliondoka katikati ya Machi. Tofauti ni karibu miezi miwili kwenye ziwa lile lile. Samaki hana kalenda, ana joto la maji. Maski huzaa maji yakiwa kati ya nyuzi 49 na 59 za Farenhaiti, yaani takriban 9 hadi 15 za Selsiasi. Besi huzaa baadaye kidogo, maji yakikaribia au kupita nyuzi 60 za Farenhaiti. Kwa hiyo chukua kibanda ambacho tarehe yake inaweza kusogezwa wiki moja, kisha wiki ya mwisho mpigie simu mwenye kibanda umwulize jambo moja tu: maji yamefikia nyuzi ngapi? Halafu nunua kipimajoto chako mwenyewe.

Chagua maziwa mawili au matatu, basi. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Wilaya ya Vilas peke yake, kaskazini mwa Wisconsin, ina zaidi ya 1,300. Anayetaka kuonja kila ziwa atamaliza safari akiwa amejifunza barabara na magati. Katika hayo matatu, moja liwe dogo na lenye kukingwa na miti, kwa sababu mbili. Maziwa madogo hupata joto mapema kuliko makubwa, kwa hiyo samaki wake huanza kuchangamka mapema. Na siku ya upepo, hilo ndilo pekee utakaloweza kuingia. Mille Lacs, kwa mfano, ni ziwa maarufu la besi wa mdomo mdogo na lina maski wakubwa. Lakini lina ekari zaidi ya 130,000 na kina kisichofika mita 13 popote. Upepo ukivuma juu ya sahani pana namna hiyo, mawimbi huinuka upesi na husimama wima. Boti ya futi 16 haina kazi pale siku hiyo, hata kama umeendesha saa mbili kulifikia.

Tumia kazi ambayo serikali imekwisha kukufanyia. Idara ya Maliasili ya Minnesota ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo LakeFinder: unaandika jina la ziwa, unapata ramani ya kina, samaki waliopandikizwa, matokeo ya uchunguzi wa nyavu, na viumbe vamizi waliogunduliwa humo. Wisconsin imeyapanga maji yake ya maski kwa madaraja. Daraja A1 ni ya samaki wakubwa ingawa wachache, A2 ni ya samaki wengi wasio wakubwa sana. Anayekwenda mara ya kwanza na watoto au wageni, aanze na A2. Kumpeleka mtoto wa miaka kumi kwenye A1, arushe chambo siku tatu bila kuona hata mkia, ni kumfukuza katika uvuvi.

Isome ramani hiyo ukiwa na swali. Swali la majira ya kuchipua ni hili: maji yanapata joto wapi kwanza? Tafuta ghuba za upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi. Jua la masika huzipiga likitokea kusini, na miti nyuma yake huzikinga na upepo baridi. Tafuta sakafu ya tope jeusi, maji yenye rangi ya chai, mabaki ya matete ya mwaka jana, mdomo wa kijito. Upepo wa kusini ukivuma siku mbili au tatu, husukuma maji ya juu yenye joto hadi ufuko wa kaskazini, na samaki wadogo huyafuata, na wakubwa huwafuata wadogo. Tia alama sehemu tano kwenye ramani kabla ya kuondoka nyumbani. Ipakue ramani kwenye simu, kwa kuwa misitu ya kule mara nyingi haina mtandao.

Usimwamini mtu mmoja. Mwenye kibanda anataka ukae. Rafiki aliyekwenda Agosti anakupa habari za Agosti. Piga simu duka la chambo lililo karibu na ziwa, nunua kitu ukifika, sikiliza zaidi ya unavyosema. Kama mfuko unaruhusu, lipia mwongozaji siku ya kwanza, si ya mwisho. Ukimchukua siku ya kwanza, atakuonyesha mahali pa kuvua siku zote zilizobaki.

Usiingie maji ya wenyeji wa asili bila ruhusa yao. Ziwa Lower Red Lake lote, na upande wa magharibi wa Upper Red Lake, ni la Red Lake Nation. Asiye wao havui humo bila ruhusa hiyo. Mpaka hauna ukuta. Uko kwenye ramani, na ni wajibu wako kuujua.

VIFAA

Besi hataki mengi: fimbo uliyo nayo, ndoano zenye chambo laini cha mpira, chambo kimoja cha kuzunguka na kingine cha umbo la samaki mdogo. Maji yakiwa baridi, vuta polepole kuliko unavyodhani inafaa, halafu punguza tena.

Usimwendee maski na vifaa vya besi. Wengi huona huu ni ushujaa. Mshipi mwembamba hurefusha pambano, samaki huchoka hadi kufa baadaye chini ambako humwoni, au hukata mshipi na kuondoka na ndoano tatu kinywani. Mshipi uwe wa kusuka, wa ratili 80 au zaidi. Kati ya mshipi na chambo weka kipande cha waya. Wavu uwe mpana na wenye nyuzi zilizopakwa mpira. Ongeza koleo ndefu na kikatio kinachoweza kukata ndoano nene kwa mkono mmoja. Asiye na wavu na kikatio hicho bado hajawa tayari kwa maski, na aendelee na besi bila kuona haya.

Acha chubwi za risasi nyumbani. Luni, ndege wa jimbo la Minnesota ambaye sauti yake utaisikia kila usiku ukiwa huko, humeza vijiwe ziwani ili kusaga chakula, na huokota chubwi pamoja navyo. Moja yatosha kumwua. Za chuma, bati na tangsteni zinapatikana.

Jipake dawa ya wadudu na ukague mwili kila jioni. Mei na Juni kupe ni wengi, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme.

MAJI BARIDI

Vaa jaketi okozi. Usilikalie, usilitie chini ya kiti, usiseme utalivaa upepo ukianza. Sheria ya Minnesota inataka liwepo moja linalomtosha kila aliyemo botini, na kila mtoto aliye chini ya miaka 10 alivae boti ikiwa inakwenda. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Mwezi wa Mei, kiwango chako kiwe kila mtu, kila dakika.

Namsihi hasa ndugu aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja, anayejiamini kwa sababu ameogelea tangu utotoni. Ulijifunzia kwenye maji ya nyuzi 26 au 28 za Selsiasi. Katikati ya Mei, siku ya jua kali ambapo umevaa fulana, maji ya kaskazini yanaweza kuwa na nyuzi 10. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu katika utafiti wake, ameeleza jambo hili kwa hesabu ambayo kila mvuvi anapaswa kuikariri: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Dakika ya kwanza mwili unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza; kinywa kikiwa chini ya maji, umevuta maji. Dakika kumi zinazofuata ndizo utakazoweza kutumia mikono na miguu kwa maana yoyote. Baada ya hapo vidole havishiki tena, hata ukiwa mwogeleaji hodari. Baridi yenyewe huchukua kama saa nzima kukuzimisha, lakini saa hiyo utaipata tu ukiwa umevaa kitu cha kukuelesha. Asiye nacho huzama ndani ya zile dakika za mwanzo.

Usinywe pombe botini. Sina la kuongeza.

Mwachie mtu aliyebaki nchi kavu jina la ziwa, gati utakaloshushia boti na saa ya kurudi.

UKIWA ZIWANI

Nenda polepole siku ya kwanza, hata kama ramani iko kwenye kioo mbele yako. Ziwa Chippewa Flowage, karibu na Hayward, Wisconsin, lina ekari kama 15,300 na visiwa vingi, na ni mojawapo ya maji yenye sifa kubwa ya maski duniani. Lilitengenezwa kwa bwawa miaka ya 1920, na msitu uliofunikwa umeacha visiki chini ya uso wa maji. Maji yale yalifunika pia kijiji na makaburi ya Waojibwe, wenyeji wa asili, wa Lac Courte Oreilles. Ukipita juu yake, jua unapita wapi.

Usiwasumbue wanaovua kwa mkuki. Majira ya kuchipua, usiku, utaona kaskazini mwa Wisconsin taa zikitembea kandokando ya ufuko. Ni Waojibwe wakivua kwa haki walizobaki nazo katika mikataba ya 1837 na 1842 walipoitoa ardhi. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilizithibitisha haki hizo Wisconsin mwaka 1983, na Mahakama Kuu ya Marekani ikafanya hivyo kwa Mille Lacs mwaka 1999. Katikati ya matukio hayo, mwishoni mwa miaka ya 1980, makundi ya watu yalikusanyika magatini kuwatukana na kuwarushia mawe. Utasikia maneno ya chuki hadi leo katika baadhi ya mabaa ya vibanda. Usiyaitikie kwa kichwa ili upate urafiki wa baani. Sisi tunatoka katika nchi zinazojua ardhi huchukuliwaje.

Usimvue besi kwenye kiota chake. Katika maji maangavu ya nusu mita hadi mita mbili utaona duara jeupe kwenye changarawe, upana wa sinia, na samaki mmoja juu yake asiyesogea. Huyo ni dume. Jike ameshataga na kuondoka. Dume amebaki akipepea mayai kwa mkia na kufukuza kila kinachokaribia. Atauma chochote utakachomtupia, si kwa njaa bali kwa kulinda, na ndiyo maana kumvua hakuhitaji ufundi wowote. Simama mbali utazame: akitolewa tu, samaki wadogo waliokuwa wakisubiri pembeni huingia kula mayai. Hata ukimrudisha baada ya kupiga picha, mara nyingi anakuta kiota kimekwisha. Besi wengine wapo kwenye maji ya kina zaidi, kwenye kona za magugu na chini ya magati. Wafuate hao.

Kwa maski, punguza ukubwa wa chambo, na uanzie karibu na ghuba alikozalia. Mwishoni mwa Mei bado anapumzika. Chambo kikubwa cha Oktoba hakimvutii. Na chora nane kila unapomaliza kuvuta, bila kuacha hata mara moja: tia ncha ya fimbo majini na uchore tarakimu hiyo, kubwa na pana, kandokando ya boti. Wengi humwona maski wao wa kwanza hapo, mita moja kutoka miguuni, kivuli kirefu cha kahawia kilichofuata chambo kimya kimya kutoka mbali. Usisimame. Usipige kelele. Panua duara la nane, ongeza mwendo kidogo kwenye kona, na umwache aamue.

SAMAKI AKINASA

Mwache ndani ya wavu, wavu ndani ya maji. Hapo anapumua, nawe una muda. Vaa glovu, chukua koleo, toa ndoano; isiyotoka kwa urahisi ikate. Ndoano ni ya bei ndogo. Maski jike wa inchi 50 ameishi zaidi ya miaka kumi kufika hapo, na Minnesota tangu 2015 hairuhusu kumchukua maski aliye chini ya inchi 54, yaani sentimita 137, isipokuwa kwenye maji machache yenye kanuni zake. Kaskazini mwa Wisconsin kipimo cha kawaida ni inchi 40. Mimi nasema mrudishe yeyote, wa kipimo chochote.

Usimning'inize kwa taya. Uzito wote wa mwili huvuta uti wa mgongo na matumbo. Mkono mmoja chini ya kifuniko cha shavu, mwingine chini ya tumbo, alale mlalo. Mwenye kamera awe tayari kabla samaki hajatoka majini. Picha moja au mbili, arudi. Mshike mkiani akiwa wima majini mpaka ajivute mwenyewe kutoka mkononi mwako.

Usimpeleke maski jikoni. Najua tulivyolelewa: samaki mkubwa ni heshima ya nyumba, na mgeni hupewa kichwa. Lakini katika maziwa haya samaki mkubwa anayekula samaki wengine hukusanya zebaki mwaka hadi mwaka, na haitoki kwa kukaanga wala kwa ndimu. Idara ya Afya ya Minnesota inawaambia wajawazito na watoto chini ya miaka 15 wasimle maski kabisa. Kwa chakula cha jioni vua blugili, krapi au perchi wadogo, ndani ya idadi inayoruhusiwa. Ni watamu, mfupa wao ni mwepesi, na ziwa linawamudu.

KUTOKA KWENYE ZIWA MOJA KWENDA JINGINE

Chomoa kizibo cha boti gatini, na usafiri kikiwa kimechomolewa. Minnesota hiyo ni sheria. Ng'oa kila jani la gugu kwenye trela, nanga na propela. Kome aina ya zebra, kiumbe vamizi, aligunduliwa Mille Lacs mwaka 2005 na Minnetonka mwaka 2010, na viluwiluwi vyake havionekani kwa macho. Vinasafiri ndani ya kikombe cha maji kilichobaki chini ya boti. Boti ikipata siku tano za kukauka kabla ya ziwa linalofuata, ni vizuri zaidi.

Usimwage chambo hai ziwani. Kilichobaki kitie kwenye takataka. Unayetaka kukitumia kesho kwenye ziwa la pili, mwaga maji ya ndoo nchi kavu kabla ya kuondoka gatini, na ujaze ndoo kwa maji ya bomba au ya chupa uliyokuja nayo.